Mlango wa Wodi ya Mwisho wa Lami

Nchi ya Tulizana haipakani na nchi yenu wala haifanani nayo, kwa hiyo msomaji asianze kutazama pembeni. Ni nchi njema. Watu wake wana subira, serikali yake ina magari, na kila jambo likiharibika huundiwa wizara. Ndivyo ilivyokuwa wanawake wa Tulizana walipolalamika kwamba katika wodi za wazazi wanalala wawili wawili kitanda kimoja, kichwa huku na miguu kule. Tume ikazunguka nchi nzima, ikala kuku wa kila mkoa, ikarudi na jibu. Vitanda havikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba vyumba havikuwa na utamaduni. Wanawake walikuwa wakizalia katikati ya kuta zilizopakwa rangi ya kijani ya mkoloni, na ndiyo maana walijihisi wamebanana.

Basi ikaundwa Wizara ya Mandhari za Ndani, Mila na Makaribisho, na juu yake akawekwa Mheshimiwa Ngwali Mapambo, mtu mwenye sauti nzito na shingo ya kuibebea. Wizara ikatangaza kwamba majengo yote ya umma yatapangwa upya kwa kufuata utamaduni wa wenyeji na mahitaji ya jamii. Maneno hayo yalichapishwa kwenye kofia, na kofia zikaisha siku ile ile.

Zamzam Mtondoo aliisikia habari hiyo redioni akiwa anapima sebule ya tajiri mmoja aliyetaka kochi kubwa kuliko chumba. Zamzam alikuwa msanifu wa ndani, msomi wa kupanga vyumba, na alikuwa na kasoro moja: nyumbani ulimi wake ulikuwa mwepesi, lakini mbele ya wakubwa uligeuka mzito kama uliolaliwa na jiwe. Miongoni mwa majengo ya kwanza ilitajwa wodi ya wazazi ya Mwisho wa Lami, mji aliozaliwa. Akaiacha futi ya kupimia juu ya kochi la watu. Mdogo wake, Mwaka, alikuwa mjamzito.

Mimba ya kwanza Mwaka alijifungulia katika wodi hiyo hiyo, sakafuni, karibu na mlango, huku mafundi wawili wakipita na ngazi kwenda kubadilisha taa. Mtoto hakuishi. Mwaka hakumlaumu nesi wala daktari. Kilichomkaa rohoni kilikuwa kingine.

"Dada, mwanangu alikwenda, sawa, ni kazi ya Mungu," alimwambia Zamzam. "Lakini wale wanaume na ngazi yao! Mmoja aliniomba nisogeze mguu apite."

Tangu hapo alikuwa ameapa kwamba atazalia hata shambani, lakini si pale pasipo sitara. Na mimba hii ilikuja na presha. Nesi alishasema wazi kwamba kuzalia nyumbani ni kujitafutia kaburi. Kwa hiyo Zamzam alikwenda kwa mdogo wake akamshika mikono.

"Nitakutengenezea chumba, Mwaka. Wallahi utazaa kama binti wa sultani."

"Binti wa sultani mimi sitaki," akajibu Mwaka. "Pazia tu, dada."

*

Zamzam alifanya jambo ambalo katika Tulizana lilihesabiwa kuwa ni upungufu wa elimu: aliwauliza wenyewe. Alikaa asubuhi nzima na wanawake nje ya wodi, penseli mkononi.

Wote walianza na pazia. Halafu mama yake Zamzam, Bi Fatu, akadakia. "Na baraza, mwanangu. Mtu anamleta mzazi wake, yeye anakaa wapi? Mama mkwe wa watu asimame juani kama mlingoti?"

"Maji," akasema Nesi Pili, mkunga wa wodi, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi. "Nataka maji yawe mle ndani. Nimechoka kumwacha mtu amepanua miguu nikakimbilia bomba la uani."

Pazia, baraza, maji. Zamzam akavichora. Lakini andiko la kuomba kazi hiyo wizarani lilitakiwa liwe na utamaduni, na yeye hakujua bomba lina utamaduni gani. Akawakumbuka wale mafundi na ngazi yao, akaongeza sentensi moja kwa hasira: mlango wa wodi uheshimu mila yetu ya hodi, yaani anayetaka kuingia abishe, aitikiwe na walio ndani, ndipo aingie, na asipoitikiwa mara ya tatu, aende zake, kama tulivyofunzwa na wazee. Aliisoma tena akaona imekaa vizuri. Mtu hajui sentensi yake itakua iwe nini.

*

Kamati ilikutana makao makuu, katika ukumbi wenye viyoyozi ambamo wajumbe walivaa makoti kujikinga na baridi waliyoilipia wenyewe. Zamzam alisimama mbele yao na michoro yake.

"Bi Zamzam," akasema Mheshimiwa Mapambo, "nimelisoma andiko lako na nimelia. Msaidizi wangu ni shahidi."

Msaidizi akathibitisha kilio.

Wakaanza na pazia. Mjumbe mmoja, profesa wa mambo ya kale, alisema pazia ni uigaji mtupu, kwa sababu mababu zetu waliishi kwa uwazi. Zamzam alitaka kumwambia kwamba nyumba za mababu zetu zilikuwa na chumba nyuma ya chumba, na kwamba siku ya uzazi hata mwenye nyumba alifukuzwa akakae msikitini. Ulimi ukalala. Pazia likafutwa.

Baraza lilimtia wasiwasi mjumbe wa usalama. "Tukiweka baraza, watu watakaa," alisema. "Wakikaa, watazungumza. Na wakizungumza..." Hakuimaliza sentensi, na wote wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Baraza likafutwa.

Bomba halikuwa na mtetezi. Badala yake kamati iliidhinisha mtungi mkubwa wa udongo, uliofinyangwa kwa mikono, uwekwe katikati ya wodi ndani ya uzio wa kamba nyekundu, usitiwe maji ili usichakae.

Walipofika kwenye ile sentensi ya hodi, Waziri alisimama. Wengine nao wakasimama, maana si vizuri kumwacha mkubwa peke yake.

"Hapa!" alisema. "Hapa ndipo ilipo roho ya taifa! Ndugu wajumbe, hodi ni nini? Hodi ni mtu kujua kwamba yuko nje. Na karibu ni nini? Karibu ni serikali! Taifa lililosahau hodi ni taifa ambalo kila mtu anaingia tu. Nataka mlango. Nataka mlango ambao mwanamke wa Tulizana akiuona, uchungu wenyewe utasubiri!"

Walipiga makofi mpaka viyoyozi havikusikika. Fedha za pazia, baraza na bomba zikahamishiwa mlangoni. Zamzam alipewa kalamu. Akijua kwamba akikataa kazi itapewa shemeji ya mtu, alitia sahihi, akajiambia kwamba pazia atalipenyeza baadaye. Usiku huo Mwaka alimpigia simu kuuliza pazia litakuwa la rangi gani. Zamzam alisema bado wanachagua, na akajichukia.

*

Kusema kweli mlango ulikuwa mzuri. Ulikuwa wa mvule, mpana kama ukuta, umenakshiwa maua na ndege na nembo ya taifa, na njumu za shaba zilizong'aa mpaka kuku wa jirani wakawa wanakwepa. Kwa kuwa ulifungukia ndani, baadhi ya vitanda viliondolewa kuupisha. Madirisha yalipandishwa juu karibu na dari ili kuacha nafasi ya michoro, na michoro ilionyesha wanawake wakijifungua huku wakitabasamu na kusuka mikeka.

Mlango ukahitaji mtu. Wizara ilimwajiri Bwana Hemedi Zongo, aliyekuwa mwadhini msaidizi, akapewa cheo cha Ofisa Mwitikiaji. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani kwenye kigoda na kuitikia "karibu". Hemedi alikuwa mtu mwaminifu, mpole, na aliipenda kazi. Ufunguo wa kufuli la mlango aliuvaa shingoni hata akioga.

Zikatoka na Kanuni za Hodi. Asiyebisha haingii. Anayeitikia sharti awe Mwitikiaji, na sharti awe ndani, kwa sababu karibu inayotoka nje ni uzushi. Atakayebisha mara tatu pasipo kuitikiwa ataondoka kwa adabu bila kunung'unika, bila kujali cheo chake. Maneno hayo ya mwisho aliyaongeza Waziri kwa mkono wake, na magazeti yakamsifu kwa unyenyekevu. Siku ya majaribio Nesi Pili aliitikia "karibu" kwa mazoea, akapewa onyo la maandishi kwa kujifanya mamlaka ya kukaribisha.

Hayo yalipokamilika, wodi ilifungwa. Haikufaa jengo linuke watu kabla Waziri hajalifungua. Wajawazito wa Mwisho wa Lami waliombwa kupitia kipaza sauti wavute subira. Na Hemedi naye akaitwa makao makuu kwenye semina ya kuboresha sauti, ili siku ya ufunguzi hodi ya Waziri iitikiwe kwa kiwango. Angerudi kwenye msafara huo huo. Akaufunga mlango kwa kufuli, akaubusu ufunguo, akapanda basi.

*

Siku ya ufunguzi wanawake wa mji waligawiwa kanga za sherehe. Zilikuwa na picha kubwa ya Mheshimiwa Mapambo katikati, amenyoosha mkono wa makaribisho, na chini yake maandishi: MGENI NJOO SERIKALI IPONE. Wakajifunga wakaja hospitali mapema, kwa kuwa waliahidiwa pilau.

Ndipo alipofikishwa Mwaka. Uchungu ulikuwa umemshika alfajiri. Zamzam alimshika upande mmoja, Bi Fatu upande wa pili, na Mwaka uso umemvimba, anasema kichwa kinamgonga. Nesi Pili alikuwa ameketi chini mbele ya mlango na mkoba wake wa ukunga. Alikuja zamu, akabisha, hakuitikiwa.

"Fungua, mwanangu," akasema Bi Fatu.

"Mama, mimi mwenyewe niko nje," akajibu Nesi Pili. Alimtazama Mwaka macho, akampapasa tumbo, na uso wake ukabadilika. "Huyu hafiki popote. Mtoto yuko njiani. Mlazeni hapa hapa upenuni, sindano yake ya presha ninayo."

"Hapa?" Mwaka akaanza kulia. "Hapa mlangoni tena? Mbele ya watu wote hawa? Dada, si uliniahidi?"

Zamzam alimtazama mdogo wake, akautazama ule mlango, ndege wake, maua yake, njumu zake. Kila kitu pale kilitoka kwenye sentensi yake. Aliona aibu iliyompanda kutoka miguuni, na ajabu ni kwamba ile aibu ikaufungua ulimi.

"Enyi kina mama!" akapaza sauti, na uwanja mzima ukageuka. "Vueni kanga! Kila mtu ana doti, avue moja! Simameni hapa mzunguke, mmoja kwa mmoja, nataka ukuta!"

Hakuna aliyeuliza. Wanawake walikuja wakashikana mabega, wakanyoosha kanga mikono juu, pindo kwa pindo, kutoka ukutani upande huu hadi ukutani upande ule, mlango ukawa nyuma yao na Mwaka katikati. Bi Fatu alitupa macho akaguna.

"Geuzeni! Picha zitazame nje. Huyo ni mwanamume, anatazama nini huku?"

Wakageuza. Na hivyo uso wa Mheshimiwa Mapambo ukawa umejipanga duara, mara nyingi sana, ukiutazama uwanja kwa ukarimu. Maji yaliletwa kwa ndoo, mkono kwa mkono. Mama wakwe walivuta mawe wakakaa. Ndani ya kanga palikuwa na kivuli chenye rangi, na Mwaka akaacha kulia.

*

Msafara ulifika na ving'ora. Mheshimiwa Mapambo alishuka na mkasi wa dhahabu, nyuma yake mabalozi, kamera na Hemedi aliyekuwa akisafisha koo kwa tangawizi. Waziri aliuona ukuta wa sura zake akafurahi mno.

"Huu ndio ubunifu," aliwaambia mabalozi. "Jamii imeuelewa mradi."

Mkuu wa Wilaya alimnong'oneza sikioni kilichokuwa nyuma ya kanga. Waziri akafikiri kidogo. Mlango uko nyuma, utepe uko mlangoni, mabalozi wana ndege ya kuwahi. Akamwuliza Mkuu wa Wilaya kama yule mwanamke angeweza kusogea kidogo.

Ndani, Mwaka alilisikia neno hilo. Kusogea. Akaushika mkono wa dada yake kwa kucha.

"Usiwaitikie, dada," alisema kwa pumzi iliyokatika. "Nakuomba. Usiwaitikie."

Nje, Waziri aliweka koti sawa, akatazama kamera, akafanya yale aliyoyaandika mwenyewe.

"Hodi!" alisema.

Kanga hazikutikisika. Hemedi akafungua kinywa chake kilichosomea, kisha akakumbuka kwamba yuko nje, akakifumba.

"Wewe, itikia!" Mkuu wa Wilaya alimsukuma.

"Haiwezekani, mheshimiwa. Itakuwa uzushi."

"Hodi!" akasema Waziri mara ya pili, sasa kwa sauti iliyoshinda chaguzi.

Zamzam alikuwa amepiga magoti. Nesi Pili alikuwa akisema sukuma, mama, sukuma. Neno moja tu la Zamzam, kanuni au si kanuni, lingetosha kupitisha koti, mkasi, kamera na mabalozi. Ulimi wake ukalala, mzito vile vile kama kule kwenye kamati, na safari hii aliuacha ulale.

"Hodi!"

Kisha kutoka nyuma ya kanga kikatoka kilio kikali cha mtu mpya kabisa.

Waziri akanyanyua uso kwa matumaini. "Nimeitikiwa?"

Hemedi alisikiliza kwa makini, kama alivyofunzwa semina. "Kanuni inataka neno, Mheshimiwa. Hicho ni kilio."

Kamera zilikuwa zikizunguka. Mabalozi walikuwa wamepewa Kanuni za Hodi kwenye begi, zimetafsiriwa, na mmoja wao alikuwa amezifungua ukurasa wenyewe. Bila kujali cheo chake. Mheshimiwa Mapambo aliukabidhi mkasi kwa msaidizi, akainamisha kichwa kidogo kwa adabu, akageuka, akaondoka bila kunung'unika. Msafara ukamfuata. Pilau ilibaki.

Hemedi hakupanda gari. Alisogea hadi kwenye kanga akageuza mgongo.

"Hodi," alisema taratibu.

"Nani?" akauliza Bi Fatu.

"Hemedi, mama. Wa mlangoni."

"Ufunguo unao?"

"Ninao."

"Upitishe chini, na usigeuke."

Ukapita chini ya kanga. Mlango ukafunguliwa, Mwaka akalazwa kitandani na binti yake kifuani. Walimwita Sitara.

*

Taarifa ya habari ilisema ufunguzi ulifana na mwitikio ulikuwa wa utulivu. Lakini wiki haikuisha, Zamzam aliletewa wito: afike wizarani kujibu shtaka la kutoitikia hodi ya Serikali. Kosa hilo, walimwambia, lilikuwa jipya, na yeye ndiye wa kwanza.

Alimbusu mtoto, akamuaga mama yake, akafunga nguo za kufungwa nazo. Wizarani alikuta mlango wa mvule kama ule, isipokuwa mkubwa zaidi. Akabisha hodi. Akangoja. Akabisha tena. Mlinzi aliyekuwa akila miwa pembeni alimwambia kwamba Mwitikiaji Mkuu yuko semina. Zamzam akabisha mara ya tatu, kwa sauti, asije mtu akasema hakubisha. Kisha akaondoka kwa adabu, bila kunung'unika. Jalada lake bado limo ndani, linamsubiri aingie.

Alirudi Mwisho wa Lami mchana. Wanawake hawakuwa wamekaa bure. Zile kanga zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba kati ya kitanda na kitanda, Waziri akitazama njiani. Ule uzio mwekundu ulikuwa umefunguliwa na mtungi umejaa maji, kata juu yake. Mlango haukuwepo mahali pake. Wenyewe walisema ulikuwa mzito kwa mzazi kuusukuma, wakamwomba Hemedi awasaidie kuutoa bawabani. Walikuwa wameulaza nje upenuni juu ya mawe, nakshi chini, na mama wakwe watatu walikuwa wameketi wakichambua mchele.

Zamzam alisimama kwenye uwazi.

"Hodi!"

"Karibu!" zikamjibu sauti nyingi kutoka ndani, zikipandana, na ya Mwaka ikiwemo. Kisha ya Nesi Pili ikafuata: "Lakini ngoja kwanza, kuna mtu anajifungua."

Wale mama wakasogea wakampa nafasi, na Zamzam akakaa juu ya mlango, akangoja.